Binti wa Fundi Kompyuta

Treni ya jioni ilijaa watu waliochoka. Nyuma yangu binti aliyetoka kazini aliongea na muuguzi wa makamo aliyekaa naye. Nilijifanya nasinzia.

"Mama, nimekulia kwenye duka la baba, fundi kompyuta. Nikaapa nitatunga programu zangu mwenyewe." "Na sasa?" "Kutwa naionyesha kompyuta picha: huu mti, hili gari." Muuguzi akacheka kichovu. "Kumbe u mwalimu wa chekechea!" "Tena mwanafunzi mwenyewe hata asante hajui." "Si uache?" "Baba anawatambia wateja kwamba mimi ni mhandisi."

Treni ikapunguza mwendo, simu yake ikaita. "Shikamoo baba," alisema, sauti imechangamka ghafla. "Kazini? Kuzuri mno." Muuguzi alimgusa bega, akashuka.