Vidole vya Mkono Ulioinuliwa

Kiweke chini kikombe hicho, Baolin, na wewe Xiuzhi, acha kuchochea moto chini ya kitanda hiki cha udongo, joto halinifikii tena. Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo ni kidogo.

Shamba la mawele ni la Baolin. Punda na mpea wa uani ni vya Xiuzhi, na mtu asimwambie kwamba ameshaolewa kwingine hivyo hana chake hapa. Umenisikia, Baolin? Usiniitikie “ndiyo, mama” kama mtu anayefukuza nzi.

Sasa kikombe. Nimeiona rangi ya maji hayo. Umepanda pangoni ukaikwangua sanamu ya Budha uje uninyweshe vumbi lake kama dawa. Umemkwangua wapi? Magoti yalikwisha zamani, homa za kijiji hiki zimeyatafuna. Vidole? Vya ule mkono ulioinuliwa? Ah, mwanangu.

Babu yenu alilinda pango lile, akawafukuza akina mama waliokuja na visu, wakamwita katili, na Bibi Meng, mmoja wao, hakumsalimu mpaka anakufa. Lakini dada yenu Lamei, ambaye hamkumjua, aliposhikwa na homa, babu mwenyewe alichukua kisu akapanda. Nilimnywesha mtoto kwa kijiko. Alikunja uso akasema, “Mama, ina mchanga.” Mavuno hayakumkuta. Tangu hapo babu alikaa mlangoni pa pango akimpa Budha mgongo, wala hakumfukuza mtu tena.

Kwa hiyo msiwanunie wajukuu wa Bibi Meng wakipanda na visu vyao. Mama ambaye mwanawe anaungua hukwangua chochote.

Lakini mimi siungui, Baolin. Nimezeeka tu. Usilie hivyo, dada yako atakucheka. Mkono ule ulikuwepo kabla ukoo wetu haujapata jina. Usiishie tumboni mwa kikongwe, akazikwa nao.

Acheni maji yatulie. Yamwageni polepole, vumbi libaki, mlikande na udongo mwekundu wa kisimani, mkapake palepale palipokwanguliwa. Havitakuwa vidole. Najua. Pakeni hivyo hivyo. Nendeni wote wawili, mmoja apande, mwingine ashike ngazi, na msigombane njiani.

Mbingu iwatazame kwa huruma. Mshibe. Watoto wenu… wasiungue.

Xiuzhi, nishike mkono. Nguvu zaidi, sisikii kitu.

Baolin… kikombe. Angalia… kisimwagike.