Barua ya Onyo Katika Faili la Bi Lebo

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza sampuli wa maabara yetu anastaafu. Wengi tunamwita Bi Lebo, jina alilolipokea kwa kicheko.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Baada ya miaka minne alikabidhiwa funguo za majokofu. Alilijua tatizo ambalo sisi wasomi tulilidharau: protini mbili zisizo na undugu, moja ya ini na nyingine ya damu, zilipewa kifupisho kimoja na watafiti wasiowahi kuonana. Ndiyo maana alidai kila kichupa kiandikwe pia namba yake ya daftari. Hata mkurugenzi alirudishiwa vyake mlangoni, akiulizwa, "Na huyu ni mtoto wa nani, mzee?"

Mwandishi wa maneno haya anaomba radhi kwa kuitia doa furaha hii. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Bi Lebo akiwa likizo, mwandishi huyu aliweka jokofuni vichupa kumi na viwili, sita vya ini na sita vya damu, vyote vikiwa na herufi zilezile tatu, bila namba. Baadaye alichukua vya ini akidhani ni vya damu. Majaribio ya miezi minane yakaharibika. Kikaoni mkurugenzi aliuliza jokofu linatunzwa na nani. Macho yote yakamgeukia Bi Lebo. Mwandishi akatazama viatu vyake. Mkewe, sasa marehemu, alikuwa mgonjwa siku hizo, lakini huo si udhuru.

Bi Lebo alipewa barua ya onyo, na kwa sababu yake akakosa cheo cha msimamizi. Mwandiko wa vichupa vile aliujua vizuri. Kesho yake alimjia mwandishi na kalamu, akamuuliza kwa upole, "Mwalimu, hivi vilivyobaki nivipe namba gani?" Hakuligusia tena jambo hilo.

Jumatatu hii, kwa kuchelewa kwa aibu, mwandishi amemweleza mkurugenzi ukweli wote kwa maandishi. Onyo limeondolewa failini. Nakala ya ungamo imebandikwa kwenye mlango wa jokofu, kwa idhini ya Bi Lebo. Aliisoma yote, kisha akaonyesha kwa kidole kwamba haina tarehe.

Tarehe imeongezwa. Asante sana, dada yetu. Nenda ukapumzike kwa heshima uliyostahili siku zote, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi.