Mzee Boya na Rili ya Bwawani

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mlinzi wa bwawa letu, ambaye sote tunamwita Mzee Boya, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imenipa kurasa mbili za kijarida hiki na agizo kwamba niandike kwa furaha. Nitajitahidi. Lakini mwenyekiti wa kamati hakuwepo hapa miaka kumi na moja iliyopita, na mimi nilikuwepo. Msomaji atanisamehe furaha ikinipotea njiani.

Alianza kazi akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Barua yake ya ajira bado imo kwenye jalada, na inamtaja kuwa na majukumu matatu: kusoma kipimo cha kina cha maji asubuhi na jioni, kuwazuia watu kuogelea karibu na mnara wa kuchotea maji, na kuwafukuza ng'ombe ukutani. Haisemi afanye nini mtu akianza kuzama. Kibandani mwake alikuta boya la mviringo lililopasuka na kamba iliyokuwa imeliwa na panya.

Wasiofika bwawani wajue kwamba upande wa mnara hauna ngazi. Kutoka juu ya ukuta hadi majini ni kimo cha ghorofa mbili, na maji ya hapo huvutwa kimyakimya kuelekea kwenye mabomba. Ukiyatazama utadhani yamelala.

Katika mwaka wake wa tatu, Mzee Boya alikuwa anavua samaki wakati wa mapumziko ya mchana. Kuvua bwawani kulikuwa marufuku kwa watumishi, na naomba Idara ya Utumishi ichukulie kosa hilo kuwa limepitwa na wakati. Akasikia mtu anapiga kelele majini. Akakata ndoana, akafunga chupa tupu ya plastiki mwishoni mwa mshipi, akairusha ikapita juu ya kichwa cha yule mtu na kutua nyuma yake. Jamaa akaushika mshipi. Mzee Boya akaanza kutembea juu ya ukuta, polepole, akizungusha rili kidogo na kulegeza kidogo, kama mtu anayempeleka mbuzi mgonjwa, hadi akamfikisha upande wenye ngazi. Alipomtoa, alimgombeza kwa robo saa nzima kwa kumfukuzia kambale.

Huo ndio ukawa utaratibu wake wa kazi. Chupa ikabadilishwa kuwa boya dogo jekundu, ndipo jina likazaliwa. Ameokoa watu tisa kwa njia hiyo, akiwemo mhasibu wetu wa zamani, ambaye siku ya matembezi ya wafanyakazi alitumbukia na mkoba wake, akatoka na mkoba wake, na jambo la kwanza aliloulizia ni miwani. Wanane bado wako hai. Wa tisa alikufa kwa sukari, na Mzee Boya husema huyo hayumo kwenye hesabu ya bwawa.

Maana ana hesabu yake. Saa zote anazokuwa ukutani, hata akizungumza nawe, macho yake yako majini na midomo inacheza kidogo. Anahesabu vichwa. Waogeleaji wanne, watatu wa mtumbwi, mmoja anayeondoa magugu. Kila baada ya dakika mbili anaanza upya.

Sasa niseme habari ya rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kinachofungwa chini ya ufito. Ya kwanza ilikuwa mali yake mwenyewe, na alifanya nayo kazi ya ofisi kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa akiisuuza kila jioni kwa maji ya bomba, akiifungua kila mwezi kuipaka grisi, na mara mbili alibadilisha springi ya ule waya unaofunguliwa ili mshipi utoke. Mwishowe meno ya ndani yakalika. Ndipo akaandika barua kwa Kitengo cha Manunuzi, barua yake pekee ya kuomba kitu katika miaka hiyo yote.

Kitengo cha Manunuzi ni mimi. Nilikuwa na miezi minne kazini, na tai mbili.

Barua ile ninayo. Aliomba rili ya saizi ya kati yenye mwili wa chuma, au angalau meno ya chuma ndani. Mkono wake usicheze ukiutikisa. Breki iachie mshipi taratibu bila kushtuka, kwa sababu mtu anayezama hujirusha ghafla na mshipi ukikataa kutoka utakatika. Waya wake ufunguke na ubaki wazi mpaka utakapofungwa. Akamalizia: "Beringi nne nzuri zinatosha. Isiwe ya bei kubwa, ila isiwe ya bei ya chini kuliko zote. Tafadhali ishikwe mkononi kabla ya kununuliwa."

Nilisoma nikacheka. Nilidhani ni mzee anataka ofisi imnunulie kitu cha kuvulia samaki. Nikaomba bei kwa maduka matatu, nikapanga karatasi mezani, na nikachagua ile ya bei ya chini kuliko zote, ambayo boksi lake lilijitapa kuwa na beringi kumi na mbili. Zile nyingine mbili zilikuwa na nne na tano. Nikajiona nimepata mara tatu ya kitu kwa nusu ya bei. Sikulifungua hata boksi.

Siku ya pili ilirudishwa mezani kwangu na kikaratasi chenye maneno mawili: "Hii siyo." Nami nikajibu kwa maandishi, kwa Kiswahili cha ofisi ambacho leo kinanitia kichefuchefu, kwamba mchakato wa ununuzi umefungwa na kifaa kitumike kama kilivyopokelewa.

Wiki tano baadaye, Jumanne saa nne asubuhi, nilipanda bwawani kumtaka asaini hati ya mapokezi, kwa sababu alikuwa amegoma. Chini ya mnara, fundi pampu alikuwa juu ya chelezo akiondoa magugu kwenye wavu. Fundi huyo alikuwa shemeji yake Mzee Boya, mdogo wake mkewe, na kila asubuhi walikunywa chai pamoja kibandani wakitaniana hadi matusi. Jaketi la kuokolea lilikuwa limetundikwa ukutani tangu zipu yake ife. Chelezo kikabinuka.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Mzee Boya, kalamu mkononi. Alirusha mara ya kwanza, na waya wa rili ukajifunga boya likiwa bado hewani. Likaanguka kati ya ukuta na fundi. Fundi akanyoosha mkono, akamwita, "Shemeji!" Hakulifikia. Mzee Boya akaanza kuvuta ili arushe tena, na ndani ya rili kukasikika mlio kama wa mtu anayetafuna barafu. Meno yalikuwa ya plastiki. Mkono ukawa unazunguka bure. Akauacha ufito, akakusanya mshipi kwa mikono yake, pima baada ya pima, hadi ukamkata vidole, akalizungusha boya juu ya kichwa na kulirusha hivyo hivyo. Mara hii lilifika mahali penyewe. Hapakuwa na mtu tena.

Tulimpata alasiri, mabomba yalipofungwa.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku mbili kwenye chumba cha mikutano. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikingoja kutajwa. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi na ilikuwa mfukoni, imelowa jasho. Walipomuuliza Mzee Boya chanzo ni nini, vidole vyake vikiwa bado na bandeji, alijibu hivi, na kumbukumbu za kikao zimeandika neno kwa neno: "Rili ilikuwa mbovu. Aliyeichagua hajui kuchagua. Mniachie mimi, nitamfundisha."

Hakusema kwamba amenisamehe. Naliandika hili ili pasiwe na anayeipamba habari hii siku ya sherehe. Mpaka leo hajasema, nami sijawahi kuthubutu kuuliza.

Alinifundisha. Kila Alhamisi baada ya kazi, kwa karibu mwaka mzima, tulizunguka maduka ya vifaa vya uvuvi mimi na yeye. Wenye maduka walikuwa wakituona wanashusha pumzi. Alinifunga macho kwa kitambaa na kunipa rili moja baada ya nyingine: huu mkono unacheza au hauchezi? Alinifanya nifungue na kufunga waya mara hamsini, nikihesabu kwa sauti dukani kama mtoto wa chekechea. Alinifanya nivute mshipi huku breki imelegezwa, nisikilize kama unatoka kwa ulaini au kwa kushtukashtuka. Nikisifia boksi ananinyang'anya. Nikisifia rangi ananiuliza kama nanunua rili au kitenge. Na mbele ya watu wote aliniita Kumi na Mbili. Ofisini jina hilo limeenea, na wengi mnaoniita hivyo mnadhani ni saa ninayofika kazini asubuhi. Sasa mmejua.

Rili tuliyoinunua mwisho wa mwaka ule, ya bei ya kati, yenye beringi tano na meno ya chuma, imetumika hadi mwezi uliopita. Imeokoa watatu kati ya wale tisa. Kila Alhamisi niliendelea kupanda bwawani kuisuuza mwenyewe. Hakuniagiza, wala hakunizuia.

Nyumbani kwake sikuwahi kukaribishwa, na ni haki yao. Mkewe nilimwona mara moja tu, msibani kwa mdogo wake. Aliangalia viatu vyangu, halafu akaangalia pembeni. Mwaka huu alimtuma mumewe aniletee salamu. Ilikuwa salamu tupu, haina nyongeza, na nililia chooni kwa ajili yake.

Kamati ilipouliza tumzawadie nini, wengi walitaja saa ya ukutani. Mzee Boya akasema ana ukuta mmoja na tayari una saa. Akaulizwa anataka nini basi. "Rili," akasema, "na achague Kumi na Mbili." Nilichukua siku kumi na nne. Nilishika rili ishirini na tatu kwa mikono yangu, nne nikazifungua na bisibisi mbele ya muuzaji aliyeanza kuniogopa, na moja nikaipeleka bwawani alfajiri nikairusha mara mia mbili. Hiyo ndiyo niliyoileta. Siyo ya bei ya chini kuliko zote.

Jumatatu iliyopita alikuja ofisini kwangu kuikagua kabla ya sherehe. Hakukaa. Alifungua waya mara hamsini, midomo ikicheza. Aliuzungusha mkono karibu na sikio. Alivuta mshipi, akalegeza breki, akavuta tena. Mimi nilikuwa nimesimama kama siku ile, bila kalamu. Halafu akasema, "Kumi na Mbili. Hii ingefika."

Hakuichukua nyumbani. Aliipeleka kibandani na kuitundika kwenye msumari wa mlinzi mpya. Kutoka kwenye msumari wa pembeni aliitoa ile mbovu, ambayo ilining'inia pale miaka kumi na moja ikikusanya vumbi, akaifunga kwenye gazeti na kuondoka nayo. Alisema mkewe anaitaka.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya watu tisa ambao wengine hata jina lako hawalijui, tunakushukuru, Mzee Boya. Ukuta utalindwa. Kila Alhamisi rili itasuuzwa, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Tunakutakia afya, usingizi, na chai ya asubuhi isiyopoa. Na siku moja ukikaa kando ya maji yoyote yale, tunakutakia uyatazame tu, bila kuhesabu vichwa.