Diski Iliyobaki kwa Kimeu

KIMEU: Haloo, duka la Dishon. Nani anaongea?

MAMA KOKI: Kimeu, ni Mama Koki wa ofisini. Habari ya huko mtaani Mowlem?

KIMEU: Nzuri. Habari ya kiwanda?

MAMA KOKI: Kompyuta imegoma. Siku hizi unauza duka?

KIMEU: Namshikia Dishon tu. Wiki ya pili.

MAMA KOKI: Sawa. Ile programu yako ya zamu—

KIMEU: Nilifutwa kazi, Mama Koki.

MAMA KOKI: Najua. Barua niliipiga taipu mimi.

KIMEU: Ilikuwa safi. Haikuwa na kosa hata moja.

MAMA KOKI: Orodha ya zamu isipotoka kufikia saa nane, bosi ananirudisha kwa taipureta. Na vibarua wa mtaa wa Reuben wamejaa getini wanangoja kusomewa majina.

KIMEU: Mashine inasema nini?

MAMA KOKI: Haioni faili ya kupanga majina.

KIMEU: Umewasha na kompaila gani, ile ya kuitafsiria mashine programu yangu? Toleo la tatu?

MAMA KOKI: La nne. Bosi alinunua mpya. Alisema hiyo inaji— (mkwaruzo)

KIMEU: Inafanya nini?

MAMA KOKI: Inajiendesha! Haihitaji watu wawili!

KIMEU: Aa. Basi iacheni ijiendeshe.

MAMA KOKI: Kimeu.

KIMEU: Programu niliiandikia toleo la tatu. Faili unayotafuta iko kwa diski ya toleo hilo. La nne halina.

MAMA KOKI: Hiyo diski iko wapi? Nimepekua kabati lote.

KIMEU: Iko hapa. Kando ya mizani.

MAMA KOKI: Uliiba?

KIMEU: Niibe! Si unajua hapo ofisini kikombe bila jina hakilali, kinaibwa? Niliandika jina langu kwa kila kitu, hadi diski. Siku ya kufutwa, askari alipomwaga droo yangu, chochote chenye jina langu alinipa. Kikombe, sweta, diski.

MAMA KOKI: Na ukanyamaza.

KIMEU: Kuna mtu aliniuliza? (mkwaruzo) Nitakuletea hadi getini.

MAMA KOKI: Hapana. Ukiniachia getini, ikigoma mwezi ujao nitampigia nani? Ingia nayo, ukae kwa kiti chako.

KIMEU: Askari ameambiwa asinifungulie.

MAMA KOKI: Nitasimama naye mimi.

KIMEU: Na bosi?

MAMA KOKI: Akikataa, akawasomee watu majina bila karatasi.

KIMEU: Wakikufuta na wewe je?

MAMA KOKI: Nina diploma. Opereta anataka laini, fanya haraka—

KIMEU: Nishavaa koti. Ni waya ya simu tu inanishika.

MAMA KOKI: Basi weka chini, bwana!

(Simu inakatika.)