Nilivyorudishiwa Njia ya Kwala

Bwana asifiwe, watu wa Kisarawe! Na nyie mliokaa nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema, Bwana asifiwe kwenu pia!

Mimi ni Eliza. Wazee waliomo humu wananijua tangu nikiwa mtoto wa kuchota maji hapa hapa, mpaka nikaolewa nikahamia upande wa Ruvu. Sasa naishi Mlandizi, nauza mchele sokoni, na huko wananiita Mama Zena. Nimesimama niseme jinsi Mungu alivyonitoa katika hofu iliyonitenga na huyo Zena kwa miaka mitatu. Nitasema kwa kifupi, ingawa wanaonijua wanajua kifupi changu kina urefu wake.

Ndugu zangu, mume wangu aliniacha Zena akiwa na miaka kumi. Sitamsema vibaya, yeye amekwisha oa, na mimi nimekwisha lia. Mtoto akachukuliwa na bibi yake mzaa baba, huko Kwala. Kutoka Mlandizi hadi Kwala ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, na katikati ni pori. Tulipatana niwe nakwenda kumwona kila Jumamosi. Nikaenda Jumamosi nne, ya tano sikufika.

Njiani nilimkuta mwanamume anakata fito. Alikuwa mtu mzima, makamo ya baba yangu. Nikafanya kama nilivyofundishwa na mama yangu: nikasimama, nikatua kapu, nikapiga goti, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akanikamata nikiwa bado nimepiga goti. Adabu yangu ndiyo iliyonipeleka chini, ndugu zangu! Nilipiga kelele, wakatokea wachoma mkaa, naye akakimbia. Alikuwa hajanifanya kitu. Lakini tangu siku ile sikuweza tena kupita pale.

Nilijaribu. Natoka nyumbani nimeoga, kapu kichwani, nasali mwendo mzima. Nikifika kwenye kichuguu kikubwa pori linapoanzia, nakaa chini, halafu narudi. Nilitafuta mtu wa kufuatana naye, lakini nani ana kazi Kwala kila Jumamosi? Nikawa natuma vitu kwa muuza chumvi mwenye baiskeli. Kila Pasaka nilimshonea Zena gauni kwa kumpima mtoto wa jirani aliye sawa naye, nikimwambia asimame wima, na huku najiuliza kama wangu amemzidi au amezidiwa. Jioni wenzangu wakiita watoto wao wakaoge, nami nilijikuta nimefungua kinywa niite. Nilimtamani mwanangu mpaka nikaumwa, hapa, chini ya mbavu. Nilisali, nilifunga, nilimwomba Mungu awaondoe watu wabaya wote katika njia ya Kwala. Hakuwaondoa.

Sasa sikilizeni jibu lilivyokuja, maana lilipokuja nililicheka. Nina jirani, Mama Tabitha. Mumewe alikuwa askari, akarudi kutoka vita vya Burma akiwa anajua namna za kupigana mikono mitupu. Alipopata kazi shamba la mkonge, akawa analala huko wiki nzima, basi akamfundisha mkewe mbinu zile ili asikae peke yake na wasiwasi. Mama Tabitha mwenyewe ni mwembamba, upepo ukivuma unamwonea huruma. Siku hiyo alinikuta nalia jikoni akaniambia, "Mama Zena, wewe unamwomba Mungu amwondoe mtu juu yako. Njoo nikuonyeshe kiuno alichokupa cha kumwondolea."

Tukaanza wanawake watano, alasiri, ndani ya ua wake wa makuti. Tulitandika nyasi kavu, na juu yake mikeka mikuukuu. Ndani tulivaa kaptura za jeshi zilizochakaa, juu tukajifunga kanga, kwa sababu mtu akikuvamia njiani atashika kanga yako kwanza. Alitufundisha kupiga ngwala, mguu wako unamkata mguu wake. Alitufundisha kabali, jinsi mkono unavyozunguka shingo ukabana. Lakini zaidi ya yote alitufundisha kulala chini! Mtu amekukalia tumboni, usimsukume kwa mikono, utachoka. Ukumbatie mkono wake mmoja, kwa mguu wako uuzuie mguu wake wa upande ule ule, kisha nyanyua kiuno kwa nguvu zote na ugeuke naye.

Siku ya kwanza mwenzangu aliponikalia nililia. Sikuumia, ila nilikumbuka. Mama Tabitha akasema, "Lia tu mwenzangu, hakuna anayekukataza. Lakini kiuno nyanyua."

Habari zikawafikia wazee wa kanisa kule kwetu, tukaitwa. Mzee mmoja akauliza, "Ni kweli kwamba wake za watu wanagaragazana uani?" Mama Tabitha akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, baba. Ni kweli. Na mama wa nyumbani kwako ndiye mzito kutushinda wote." Maskini mzee, hakuwa na habari! Wenzake wakacheka mpaka kikao kikavunjika, nasi tukaendelea na mazoezi yetu. Mgongo wangu uliokuwa ukiniuma kwa ajili ya magunia ukapona. Usingizi ukarudi. Mwili huu, niliokuwa nauona mzigo wa kuchungwa, nikaanza kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Baada ya mavuno nikasema, Jumamosi hii nakwenda. Nilipofika kwenye kichuguu nikakaa chini kama kawaida. Nikasimama nikasema, "Bwana, watu wako unawajua mwenyewe. Mimi nipe tu hatua inayofuata." Akanipa moja, akanipa nyingine.

Ndugu zangu, yule mtu alikuwepo! Yule yule, anakata fito. Nilimsalimia kwa mbali nikiwa nimesimama wima, nikapita. Nikasikia miguu nyuma yangu. Akavuta kanga, nikaanguka chali, akanikalia. Nikaita "Yesu!" na kwa wakati ule ule nikaukumbatia mkono wake, nikauzuia mguu wake, nikanyanyua kiuno. Akaruka kando, nikawa juu yake! Alipogeuka ili ainuke nikampiga kabali. Akahangaika, akalegea, nikamwachia, maana sikutumwa kuua mtu. Aliinuka akayumba, akakimbilia porini, na panga lake akaliacha. Nami nikatembea mpaka Kwala naimba, sauti imekauka, nikijua baada ya miaka mitatu ninakwenda kumwona mwanangu.

Sikumwona.

Bibi yake alinipokea vizuri, akanipa maji. Kisha akasema, "Umechelewa, mwanangu. Zena amevunja ungo mwezi juzi, tumemweka ndani. Mwali haonwi na mtu mpaka siku ya kutoka."

"Mama, mimi si mtu. Mimi ndiye niliyemzaa!"

"Najua. Ndiyo maana nakwambia taratibu."

Niwaambie ukweli, maana huu ni ushuhuda. Nilimtazama yule bibi kizee, nikautazama mlango, nikajua kwamba naweza. Mikono ilikuwa bado ya moto kwa yule wa porini. Ngwala moja tu, basi! Hapo ndipo Mungu aliponiokoa mara ya pili siku ile, na wokovu huu wa pili ndio mkubwa. Yule bibi alikuwa amemlisha mwanangu miaka yote ambayo mimi niliishia kwenye kichuguu. Nikaiweka mikono yangu mapajani, nikasema, "Basi mama, niruhusu nikae nyuma ya nyumba."

Akaniruhusu. Nikakaa chini, nikaegemeza shavu kwenye ukuta wa udongo. Nikaita, "Zena."

Ikajibu sauti, imekuwa nene kidogo kuliko niliyoijua: "Nani?"

"Mama."

"Mama yupi?"

Ee Mungu wangu! Wenye watoto humu wananielewa. Nikamtajia jina nililokuwa nikimwita akiwa mgongoni, ambalo sitalisema hapa. Ndani nikasikia mtu anaburuta mkeka, anasogea, mpaka pumzi yake ikawa upande wa pili wa udongo. Tukakaa hivyo mpaka jua likapinda.

Tangu siku ile nilikwenda kila Jumamosi, miezi saba, na sikumwona hata ukucha. Tuliongea ukutani. Siku moja akasema, "Mama, miguu yangu imelala. Nikisimama inatetemeka." Nikamwambia alale chali, akunje magoti, anyanyue kiuno, ashushe. Yeye ndani, mimi nje juu ya mavumbi, tukahesabu pamoja. Bibi yake akapita, akaniona nimelala chali nyuma ya nyumba yake, akatikisa kichwa akaenda zake.

Siku ya kutoka ngoma zilipigwa. Naona baadhi yenu mmekunja nyuso: Mkristo ngomani! Nilikwenda. Anayetaka kunihukumu anihukumu, nimekwisha zoea wazee. Zena akatoka kajifunika, amebebwa mabegani na baba yake mdogo kama desturi, maana wanawali wakitoka, kwa kukaa ndani muda mrefu, huwa hawawezi kutembea vizuri. Nikasikia anasema, "Nishushe." Watu wakaguna. Bibi yake akasema, "Mshusheni." Akashuka. Akatembea peke yake katikati ya ngoma, miguu imara, akaja moja kwa moja niliposimama. Amenizidi urefu! Akanitazama muda mrefu, akanikumbatia kiunoni, akaninyanyua juu, mimi na uzito wangu huu, mbele ya Kwala nzima.

Ndugu zangu, sikumrudisha nyumbani. Bado anaishi kwa bibi yake, na nikimwacha jioni ninamtamani kabla sijafika hata porini. Sikuja kuwaambia kwamba Mungu anaondoa hamu. Ila ameniondolea hofu, nami namshukuru mbele yenu nyote!

Mama Tabitha nimekuja naye, ndiye yule mwembamba kwenye benchi la tatu. Atakaa hapa siku tatu, na mikeka ameshaomba. Dada yangu, kama kuna njia usiyoweza kuipita, na kuna mtu wako upande wa pili, usione haya. Mtumaini Bwana, uje tukakutane naye hapo uani, nyuma ya kanisa.