Kahaso Randu Nyale, Mkaguzi Aliyeacha Kuuliza Hujambo

Marehemu Kahaso Randu Nyale alizaliwa Ganze tarehe 14 Machi 1957, ingawa tarehe hiyo yeye mwenyewe hakuiamini hadi mwisho. Alisema karani aliyeiandika hakuwepo, na baba yake, marehemu mzee Randu, alikuwa shambani. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Wakati huo maji yalitekwa mbali, na Kahaso kila akirudi nyumbani alichungulia madumu ya wadogo zake kuona nani amemwaga njiani ili apunguze mzigo. Mdogo wake Joram, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alinaswa mara tatu.

Alisoma shule ya msingi huko huko Ganze kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari mjini Kilifi hadi 1975. Siku ya mtihani wa mwisho alimwomba msimamizi ageuze bahasha ya maswali pande zote mbili, aone kama haijafunguliwa. Msimamizi alikasirika, lakini aliigeuza. Mwaka uliofuata alikwenda Mombasa kusomea uuguzi, akafuzu 1979, na mwaka 1980 akaanza kazi Malindi.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Japheth Nyale, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi Gongoni. Kabla ya kukubali posa, Kahaso alipanda gari hadi Gongoni bila kumwambia mtu, akabisha hodi chumbani kwa mchumba, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Ilikuwa inang'aa. Hapo ndipo shaka ilipomjaa, maana alijua fika kwamba mwanamume wa peke yake hang'arishi sufuria namna ile. Alikwenda kuwahoji majirani watatu, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka akaridhika kwamba Japheth aliisugua mwenyewe kwa mchanga na chumvi. Waliishi Muyeye kwa upendo, wakajaliwa watoto wawili, hadi Japheth alipofariki mwaka 2011.

Mwaka 2013 alipewa kazi iliyomfaa kuliko zote, ya kukagua huduma za wagonjwa wanaouguzwa nyumbani. Watu wa huduma hizo walimwogopa. Hakutoa taarifa kabla ya kwenda. Alinusa shuka, akahesabu vidonge, akatazama kucha za mgonjwa na za mhudumu, akapitisha mkono chini ya mgongo wa mgonjwa kuona kama pana unyevu. Akimaliza aliandika kwenye daftari neno moja, "Nimekagua," akatia sahihi. Alipoulizwa kwa nini haongezi kwamba yaliyoandikwa ni kweli, alisema hilo hawezi kuliapia, kwa sababu yeye hakulala pale.

Wengi waliopo hapa walimjua kwa jambo jingine: hakuwauliza wagonjwa hujambo. Aliamkia wakubwa kwa shikamoo kama kawaida, akaitikiwa, kisha papo hapo akauliza, "Mara ya mwisho umegeuzwa saa ngapi?" Watu wa pwani tulilichukia hilo. Tulisema bara wamemharibu, ilhali bara kwenyewe hajawahi kukaa. Sababu yake aliiandika kwa mkono wake, akaagiza isomwe leo bila kufichwa jambo, nayo kwa ufupi ni hii.

Tarehe 12 Agosti 2014 alikwenda Ganze kumkagua mzee Sanga, aliyekuwa amelala kitandani mwaka mzima. Jua lilikuwa kali na bado kulikuwa na nyumba nyingine nne za kufika. Alisimama mlangoni, akamwamkia, akamuuliza hujambo. Mzee akajibu, "Sijambo mwanangu, tunashukuru. Pole wewe na safari." Naye siku hiyo akaandika kwamba mgonjwa hajambo, akatia sahihi, akaondoka bila kufunua shuka. Tarehe 20 mzee Sanga alikufa kwa vidonda vya mgongoni vilivyokuwa vimefika mfupani. Hakuwa amedanganya. Mzee wa watu hawezi kumwambia mgeni aliyetembea kwenye jua lile kwamba ana jambo. Hiyo ni adabu, na Kahaso aliyefundishwa adabu hiyo hiyo alipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Tangu siku hiyo hakuuliza tena hujambo kwenye nyumba ya mgonjwa, na kila alipokuta neno hajambo kwenye daftari alilipigia mstari mwekundu.

Ndivyo alivyokutana na Jedida. Jumatano tarehe 16 Oktoba 2019 aliingia nyumba moja hapa Muyeye, akafungua daftari la mgonjwa, akakuta hajambo ya Jumatano, ya Alhamisi, ya Ijumaa, hadi ya Jumapili, zote kwa wino mmoja. Alimgeukia mhudumu, msichana wa bara mwenye sare ya kijani, akamuuliza, "Jumapili haijafika. Wewe umejuaje?" Jedida akaifunika kalamu yake. Ripoti ikaandikwa, ofisi iliyomwajiri ikafungwa, na wahudumu wote wakapoteza kazi.

Kahaso alistaafu mwaka 2022. Jumatatu tarehe 3 Juni 2024 alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Binti yake Purity, ambaye kazi yake iko Mombasa, alitafuta mhudumu wa kumlea mama nyumbani, na aliyeletwa alikuwa Jedida. Purity hakumjua. Marehemu alimjua hata kabla hajavua viatu. Alimwambia, "Umekuja kulipiza." Jedida akasema, "Nimekuja kazini, mama. Shikamoo." Marehemu hakuitikia.

Miezi ile ya kwanza nyumba ilikuwa ya kuviziana. Marehemu alifunga uzi mwembamba kwenye pembe ya shuka kwa mkono wake mzima, ili ajue kama shuka imebadilishwa kweli au imekung'utwa tu. Kila asubuhi Jedida alimrudishia kiganjani, akisema, "Mama, uzi wako huu." Marehemu alikataa uji mpaka Jedida aunywe kwanza. Alihesabu vidonge asubuhi, akahesabu tena jioni. Joram naye, kwa kutumwa na dada yake, alikuja saa zisizotarajiwa kujifanya amesahau kofia. Alisahau kofia mara kumi na moja.

Mwezi Novemba, Joram akiwa barazani na chai yake, alimsikia dada yake akiuliza kilichomkaa rohoni tangu siku ya kwanza. Kwa nini aliandika hadi Jumapili? Jedida akasema, "Walinipa wagonjwa tisa, mama. Niliogopa kusema siwezi." Marehemu naye akamsimulia habari ya mzee Sanga, ambayo hakuwahi kumsimulia hata mumewe, maana alikuwa ameshatangulia. Alimaliza kwa kusema, "Wewe uliandika siku ambazo hazijafika. Mimi niliandika mgongo ambao sikuuona. Jedida, tusiandike hivyo tena." Asubuhi yake aliitikia marahaba.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, Mama Kahaso alifariki dunia kitandani mwake, siku tatu kabla ya kutimiza miaka sitini na minane, kama tarehe ile ni sahihi.

Sasa kuna neno ambalo halina budi kusemwa. Tangu siku hiyo hapa matangani kuna minong'ono. Imesemwa kwamba mama alifia mikononi mwa mtu ambaye mama mwenyewe alimfukuzisha kazi, na kwamba tuulize alimpa nini. Aliyeanza kuuliza ni msomaji wa wasifu huu. Mimi Joram nilimwambia Jedida asije makaburini mpaka nisome daftari lake, na nimelisoma lote, siku mia mbili sabini na tatu, kwa jicho alilonifundisha dada yangu kwenye madumu ya maji. Neno hajambo halimo hata mara moja. Imeandikwa humo: saa mbili amegeuzwa kulia, kisigino cha kushoto chekundu, nimepaka mafuta, uji nusu kikombe, amekataa dawa, anasema nimeibadilisha, leo ameniita mwanangu, halafu akahesabu vidonge.

Ukurasa wa mwisho ni wa Jumatatu tarehe 10, jioni. Jedida ameandika: "Ana jambo. Anaogopa. Hataki kitu, anataka nimshike mkono. Nimeushika." Chini yake kuna mwandiko mwingine, umepinda na kuteremka hadi nje ya mstari, lakini hakuna anayeweza kuughushi mbele yangu. Umeandikwa: "Nimekagua. Ni kweli. K. R. Nyale."

Marehemu ameacha watoto wawili, Purity na Randu, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, Joram, Kahonzi na Hope, na Jedida, ambaye amesimama kule nyuma karibu na lango kwa sababu mimi ndiye niliyemzuia. Familia inamwomba radhi mbele yenu nyote, na inamwomba asogee akae hapa kwa wafiwa, kwenye kiti kilicho kando ya Purity.

Mama Kahaso, amani iwe nawe hapo ulipolala, nawe uipokee safari hii bila kuikagua.