Mwalimu Kasimiri Masolwa Atasindikizwa Hadi Darajani

Kesho Jumatano, tarehe 31 Julai 1957, Mwalimu Kasimiri Masolwa anastaafu baada ya kufundisha shuleni kwetu kwa miaka ishirini na tisa kamili. Yeye mwenyewe husema thelathini, kwa kuwa mwaka 1936 anauhesabu mara mbili. Sababu tutaifikia.

Nimeombwa kuandika na kuusoma wasifu huu kwa heshima na adabu. Walioniomba wamesahau kwamba mimi ni Mzaramo na yeye ni Mnyamwezi, na tangu babu zake walipokuwa wakitua mizigo ya pembe kwenye pwani ya babu zangu, sisi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kuchekesha hata msibani. Anayetaka heshima asubiri hotuba ya Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Kasimiri alizaliwa Puge, akaja Tabora kusoma, akaajiriwa tarehe 1 Agosti 1928 akiwa na kaptula mbili na sauti moja. Kaptula zimebadilika. Sauti ni ileile, na mpaka leo haijakutana na wimbo ikauimba sawasawa. Miaka minane ya kwanza alifundisha Darasa la Nne, akasifika kwa ukali, na alijiona mtu mkubwa sana. Alikuwa na baiskeli, na kengele yake aliipiga hata barabara ikiwa tupu.

Julai 1936 ikaja barua ya uhamisho. Mwalimu Anselm, aliyekuwa akifundisha Darasa la Kwanza, alitakiwa Puge mara moja, na lori lilikuwa linaondoka siku ileile. Watoto walimwacha darasani Jumatatu, na Jumanne asubuhi wakamkuta Mwalimu Kasimiri. Huyu mtani wangu alianza kazi kwa kubandua ukutani picha zote walizochora na Mwalimu Anselm, akawapanga upya kwa kimo, kisha akawatangazia kwamba Mwalimu Anselm ameshakwenda zake na wamsahau. Wawili walilia. Mmoja alijikojolea. Mwalimu Kasimiri alirudi nyumbani akamwambia mkewe, mama Koleta, kwamba darasa limetulia.

Jumatano darasa lilitulia zaidi, maana halikuwa na mtu.

Watoto thelathini na wanne walikuwa wameshika njia ya Puge. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia karanga aliwaona wakipita kwa mstari mmoja, kila mmoja na kifurushi kichwani, kama walivyosimuliwa na babu zao waliokwenda pwani kwa miguu. Mbele alitangulia Zamda, binti wa fundi cherehani wa mjini, miaka minane, ameshika fimbo yenye kitambaa chekundu juu. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa msafara. Nyuma kabisa kulikuwa na mtoto aliyebeba kuku.

Mwalimu Kasimiri aliwafuata kwa baiskeli, gurudumu likapasuka, akaendelea kwa miguu huku akiikokota. Aliwapata maili tano kutoka shuleni, kwenye daraja dogo la mawe. Aliwaamuru wageuke. Hakugeuka hata mmoja. Ndipo Zamda alipomwamkia shikamoo, kwa adabu zote, halafu akamwambia: “Mwalimu Anselm hatujamsindikiza. Kaondoka kama mwizi, na wewe unasema tumsahau. Sisi tunakwenda.”

Kila mtu wa hapa anajua kwamba hata mgeni aliyekuja kuomba moto tu husindikizwa hatua chache. Mwalimu Kasimiri, mwana wa Puge, mjukuu wa wapagazi, alikuwa amelisahau hilo kwa sababu ya barua yenye muhuri. Aliniambia baadaye kwamba hajapata kuona aibu kama ile, na kwamba alikaa chini pale pale barabarani na kaptula yake nyeupe. Kisha akawaomba radhi. Mwalimu wa mwaka 1936, mwenye baiskeli, akawaomba radhi watoto wa miaka saba.

Lori la kwenda Nzega kupitia Puge lilipopita, walimkabidhi dereva kuku na salamu za kumpelekea Mwalimu Anselm, kila mtoto na yake, dereva akakaa nusu saa akizisikiliza. Walilipungia mkono mpaka vumbi likatua. Baada ya hapo Zamda aligeuza fimbo yake, akawarudisha wote shuleni, mwalimu mpya akiwa wa mwisho na baiskeli yake. Wiki ya pili lilikuja jibu: Mwalimu Anselm anashukuru, kuku alikuwa mtamu, na kama yupo mwingine asicheleweshwe. Picha zilirudishwa ukutani. Mwaka ule ndio anaouhesabu mara mbili, kwa kuwa anasema aliajiriwa upya pale darajani.

Hakutoka tena Darasa la Kwanza. Na tangu hapo hakuna mwalimu wa madarasa ya chini aliyehama shuleni kwetu katikati ya mwaka bila kupita kwenye sheria ya Mwalimu Kasimiri. Watoto huambiwa mapema, kwa maneno ya kweli, nani anaondoka na kwa nini. Mwalimu mpya hukaa nyuma ya darasa siku tatu, kwenye benchi la watoto, amefunga mdomo, ajifunze nani anakaa na nani, na nani akinyamaza sana ujue anaumwa. Hapangui kitu. Siku ya mwisho watoto humsindikiza anayeondoka hadi lile daraja, na pale wanamkuta anayekuja akiwasubiri. Wao ndio humleta shuleni.

Mkaguzi mmoja wa elimu aliwahi kufika akakuta darasa tupu. Mwalimu Kasimiri alimweleza bila kupepesa macho kwamba ni somo la jiografia, na ndivyo alivyoandika kwenye daftari la kazi kwa miaka ishirini. Watoto wetu wanaijua vizuri sana jiografia ya maili tano.

Mwaka 1949 alipewa cheo cha mwalimu mkuu huko Nzega. Alikubali kwa sharti moja, kwamba aondoke Desemba darasa likishafunga. Walimtaka Mei. Cheo kikaenda kwa mwingine, na mama Koleta, aliyekwisha kufunga vyombo, hakumsemesha kwa siku nne. Nilimcheka wakati ule. Sasa simcheki kwa hilo.

Maana utumishi wake nao umeishia Julai, na kuna watoto thelathini na wanane ambao hawajamaliza kitabu cha kwanza. Amewaambia kweli, kwa utaratibu wake. Lakini mtunga sheria mwenyewe anataka kuivunja. Mama Koleta amenidokeza kwamba amepatana na Mabruki, dereva wa lori, amchukue kesho alfajiri kimyakimya mlangoni kwake, aende zake Puge. Nilipombana alisema magoti yanamuuma. Nilipombana zaidi alisema ameshasindikiza walimu kumi na mmoja pale darajani bila kutoa chozi, na safari hii hana hakika.

Basi na mimi niseme langu. Atakayelipokea darasa lake ni mimi, mtu niliyezoea Darasa la Nne, na naogopa. Siku tatu hizi nimekaa kwenye lile benchi, magoti yakigusa masikio, na mtoto mmoja ameniuliza mara nne nitaondoka lini. Mwalimu Kasimiri akikimbia alfajiri, Alhamisi nitafundisha kuta.

Kwa hiyo, Mwalimu Kasimiri, kwa haki ya utani nakutangazia mbele ya wazazi wote waliohudhuria: nimeshaonana na Mabruki. Hatakuja mlangoni. Atakusubiri ng’ambo ya daraja, saa nne asubuhi, pamoja na mama Koleta na vyombo vyake. Magoti yako yakigoma, utakokotwa kwenye ile baiskeli. Batuli wa benchi la mbele ameshafunga kitambaa chekundu kwenye fimbo, na mama yake, ambaye ni Zamda yuleyule, ameleta kuku. Huyu ni wako, usimgawie Mwalimu Anselm.

Ukilia, lia. Watoto watajua walipendwa, nami nitapata cha kukutania mpaka tuzikwe. Ahsante kwa miaka yote ishirini na tisa, na ule mmoja wa juu. Nenda Puge ukapumzike, mtani wangu, uvune karanga, uishi vyema na kwa miaka mingi. Usiimbe kanisani.

Mfaume Kibwana
Mwalimu wa Darasa la Nne hadi leo mchana. Kuanzia kesho, anasubiri darajani kuletwa shuleni